Mahali Alipolala Makokha

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, chupa ya chai na saa ya ukutani iliyosimama kabla sijafika Lurambi. Halafu mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kuwafaa kazini. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja vimechelewa na kuondoka mapema. Mshahara mnaujua, ni huo huo wenu. Nitawaandikia habari za mwanamume mmoja wa Musanda aliyekuwa na wake watatu, kwa sababu karibu yote ninayoyajua kuhusu kuhesabu watu niliyajifunza kwenye ua wake. Tena kuna jambo nililifanya pale ambalo halimo katika ripoti yoyote. Sasa nimestaafu, mtanifanya nini?

Nilianza nikiwa karani wa sensa, msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza shule na sina shughuli nyumbani ila kugombana na mama yangu. Tulifunzwa siku tatu katika darasa la shule ya msingi, magoti yakigonga madawati ya watoto. Aliyetufunza alikuwa Bwana Shitandi, mtu mfupi mwenye suti moja na maneno machache. Nilipewa mfuko wa turubai, penseli mbili, kichongeo, kifutio na kipande cha chaki cha kuandika namba mlangoni. Kalamu ya wino ilikatazwa. Bwana Shitandi alisema wino ni wa watu wasiokosea, na hapo darasani hakuona hata mmoja.

Sheria ya kazi alitupa moja, akatuimbisha mpaka koo zikauma: kila mtu ahesabiwe mara moja, mahali alipolala usiku wa sensa. Si pale anapopenda, si pale anapokula, si pale anapostahili. Alipolala, basi. Kwa kuwa usiku wenyewe sisi tulikuwa tumelala pia, tulizunguka mchana wake na siku zilizofuata tukiuliza.

Kisha akatupa onyo ambalo halikuwa kwenye kitabu. Alisema tusimuulize mama yeyote ana watoto wangapi. Kwetu mtoto hahesabiwi kwa kidole kama gunzi la mahindi, maana anayehesabiwa anaitiwa kifo. Uliza majina, akasema, moja baada ya jingine, hesabu moyoni mwako, na uso wako ukae kama wa mtu anayewaza chakula cha mchana. Niliandika onyo hilo kwenye daftari, nikalipigia mstari chini, na asubuhi ya kazi nikalisahau lote.

Huko Musanda nilipewa liguru wa kunitembeza, yaani mzee wa kijiji, jina lake Osundwa. Alivaa buti za mpira jua likiwaka na hakuwahi kunyamaza. Tulipopita katikati ya miwa, iliyokuwa mirefu kuliko paa, alinieleza kwamba zamani za kodi ya kibanda, iliyotozwa kwa kila nyumba, babu yake alikuwa na nyumba tano. Wakija wahesabuji, anazibomoa nne, watu wote wanajazana katika ile moja na kuku wao, wanakohoa moshi mpaka mzungu aondoke. Kwa karatasi za wakati ule, alisema, Musanda ilikuwa kama imekumbwa na tauni. Mzungu akienda, watu wanazaana kwa siku moja na nyumba zinaota kama uyoga. Nilicheka. Sikujua kwamba amenieleza historia yote ya idadi ya watu wetu, na kwamba vitabu nitakavyosoma baadaye vingeongeza tarakimu tu.

Boma la Makokha lilikuwa na nyumba tatu zinazotazamana kama watu wasiosemezana. Ya kwanza ilikuwa ya Nabwire, mke mkubwa, mwanamke mrefu wa makamo aliyekuwa akipepeta mtama. Nikasalimu mulembe, nikakaa, nikachonga penseli nionekane mtu wa serikali, nikauliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Ungo ulitua chini. Nabwire aliniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nilikuwepo alipokuwa akiwazaa. Kisha akamuuliza Osundwa siku hizi kifo kinatumwa na mfuko wa turubai? Osundwa alinitetea, akasema mtoto huyu ni mjinga lakini si mchawi. Ndipo tukaanza upya, kwa majina. Alitaja tisa. Nilihesabu moyoni, uso wangu ukiwa chakulani.

Nilipodhani tumemaliza, Nabwire akanyoosha mgongo.

"Na baba yao. Makokha. Yeye mtangulize, ndiye mwenye nyumba."

Nikamtanguliza. Nikavuka ua kwenda kwa Auma, mke wa pili, mwanamke mnene mwenye jicho la kucheka, aliyekuwa akimenya viazi. Alinipa majina ya watoto, halafu akasema, bila kunitazama, kwamba niandike pia Makokha. Nikaandika. Nikavuka kwenda kwa Scola, mke wa tatu, rika langu kabisa. Kabla sijafungua mdomo mlango ulifunguka, akatoka Makokha mwenyewe, shuka begani, mswaki wa mti mdomoni, usingizi bado umemjaa usoni. Akauliza kama yeye ameshahesabiwa.

Wanawake watatu walikuwa wakinitazama, kila mmoja kutoka mlangoni kwake. Ningekuwa na akili ningemuuliza Makokha swali moja tu. Badala yake nilimwandika mara ya tatu, nikachora namba zangu kwa chaki, nikatoroka.

Bwana Shitandi alizisoma fomu zangu jioni ile. Aliziweka tatu ubavu kwa ubavu na kuzitazama kwa muda mrefu. Akaniambia Musanda pana wanaume watatu waitwao Makokha, umri mmoja, mama mmoja, wote wakulima wa miwa, na wote wameamua kuoa boma moja. Akauliza kama ni mapacha au mimi ndiye nimerogwa. Kisha akanisogezea kifutio kwa kidole.

"Rudi. Alipolala, Rispa."

Nilirudi asubuhi. Makokha alikiri upesi, tena kwa majivuno, kwamba amelala kwa Scola. Nikaanza kwa Auma. Yeye aliinua bega tu, akasema nifute, hakuwa ametegemea sana, alitaka kuona kama nitaandika. Kwa Nabwire nilikaa pale pale pa jana. Nikafuta polepole, na vipande vya kifutio vikaanguka mezani. Alivikusanya kwa ncha ya kidole kama makombo ya ugali.

"Hata kwa karatasi amenitoka," alisema.

Akaniambia yeye ndiye aliyelifyeka boma lile likiwa kichaka. Ndiye aliyemwogesha mama yake Makokha mpaka siku alipokufa, na hata hawa wengine wawili aliwapokea kwa mikono yake. Leo serikali inaandika kitabu chake, na siku kitakaposomwa kitasema Nabwire wa Musanda alikuwa mwanamke asiye na mtu. Hakulia. Angelia ningevumilia.

"Basi acha mahali pake," alisema. "Mstari mmoja tu, usiujaze."

Kitabu cha mafunzo kilisema mstari usiachwe wazi. Niliuacha. Bwana Shitandi aliuona, akanitazama, akatia sahihi yake chini na kugeuza ukurasa. Hatukulizungumza kamwe. Huyo ndiye aliyeniandikia barua ya kuajiriwa ofisini Kakamega, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya mstari ule au kwa sababu nilijua kuchonga penseli.

Miaka kumi ikapita hivyo, kwa mashine ya kupiga chapa na makabati ya chuma yaliyojaa mende. Sensa ya pili nilikuwa msimamizi. Kodi ya kibanda ilikuwa imesahaulika na sasa wimbo ulikuwa mwingine: wanasiasa walikuwa wamezunguka wakiwaambia watu kwamba eneo lenye watu wengi ndilo litakalopata barabara, zahanati na mjumbe wake. Basi watu wetu, ambao babu zao walijificha pamoja na kuku, wakaamua kuongezeka. Kuna mzee wa Mumias aliyenitajia wajukuu kumi na wanne, na nilipoomba kuwaona akaniletea watano, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakarudi wamebadilishana mashati.

Kule Mautuma ilikuwa kinyume. Nilikwenda kukagua, nikakuta nusu ya nyumba zimefungwa kufuli, mahindi yako shambani, mbwa wana njaa. Wale ni watu waliopewa mashamba ya wazungu zamani, wamezaa na kujukuu pale. Jirani mmoja aliyebaki alinieleza kwamba wenzake wamepanda magari kwenda kuhesabiwa nyumbani. Nikauliza, hapa si nyumbani? Akashangaa kwamba mtu wa ofisi aweza kuuliza jambo kama hilo. Hapa ni shamba, akasema, nyumbani ni kule yalipo makaburi. Makarani wangu walikasirika sana kwa kutembea bure. Mimi nililiweka jambo hilo akilini.

Musanda nilikwenda mwenyewe. Nilisema ni ukaguzi. Osundwa alikuwa amekufa na miwa ilikuwa imeanza kurudi nyuma, maana wana wa Makokha walikuwa wameoa na kila mmoja amekatiwa kipande. Nyumba tatu zimekuwa nane. Nabwire aliponiona alicheka, kitu ambacho sikuwahi kukiona, na meno yake yalikuwa mazuri. Aliniambia safari hii sitafuta kitu.

Mpango wake ulikuwa hivi. Alikuwa amefuga jogoo kwa mwaka mzima. Siku yenyewe ya sensa alimchinja na kutuma habari kwa Makokha kwamba kuna ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wa wimbi. Nyinyi wa mjini mnaokula kuku wa kukaangwa dukani huenda hamjui, lakini kwetu imondo, yaani firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haili. Ukimwekea mwanamume imondo mbele yake, umemwambia hapa ni kwako. Na mwanamume akiila, amekubali. Makokha alikuja na kiti chake, akala imondo, akala na lile paja, akashukuru.

"Kwa hiyo alilala hapa," nilisema, penseli tayari, na moyo wangu ulikuwa umefurahi kweli.

Nabwire aliokota unyoya wa jogoo chini. Akasema mvua ilitaka kunyesha. Akasema Scola alimtuma mtoto na mwavuli.

"Lakini alikula hapa, Rispa. Imondo yote."

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia kwamba serikali inauliza kulala, haiulizi kula. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa unga wenye wadudu. Akasema serikali ya namna gani hiyo, isiyojua imondo? Nikaacha mstari wake wazi, mara ya pili. Makokha mwenyewe sikumpata wa kumuuliza, kwani aliposikia nimefika alijificha ndani ya miwa, na ninadhani ndiye mtu pekee wa Musanda aliyejificha sensa mwaka ule badala ya kujiongeza.

Sensa ya tatu nilikuwa nimenenepa, nina gari la ofisi lenye mlango mmoja usiofunguka. Boma la Makokha lilikuwa limejaa mabati. Sikuhesabu nyumba kwa kidole, lakini zilizidi kumi na tano. Miwa ilikuwa imebaki ukanda mmoja kando ya njia. Nabwire alizaa tisa, binti zake walizaa watano watano, na sasa wajukuu wake wakubwa walikuwa wananiambia watazaa wawili, halafu wanacheka wakitazamana. Faith, mjukuu aliyelelewa na Nabwire, akiwa bado mtoto wa shule, aliniambia yeye atazaa mmoja na kufuga paka. Kukhu wake, yaani bibi yake, alishika kichwa.

Scola hakuwepo. Alikuwa ameokoka, na wokovu ulimfikisha Webuye pamoja na kiongozi wa kwaya. Nikadhani, ala, sasa zamu ya Nabwire imefika. Wapi! Mwana wa Auma alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya matofali yenye makochi na televisheni, na Makokha, mzee wa watu, magoti yakiuma, alikuwa amehamia mbele ya televisheni ile. Alikuwa analala pale pale kwenye kochi. Auma alinilalamikia kwamba huyu mzee analalanga na rimoti mkononi na ukimtoa anaamka.

Kwa Nabwire sikukaa sana. Safari hii hakuwa na mpango wowote. Alisema amechoka kuulizwa, na kwamba serikali ikitaka kumjua Makokha iende ikakae kwenye kochi. Nilipokuwa nikiondoka nilikuta kuku amefungwa miguu ndani ya gari langu. Mkono mtupu haulambwi, nilijua maana yake, nikamrudishia. Akanifuata mpaka njiani amemshika yule kuku kifuani.

"Mwandike tu," alisema. "Nani atajua?"

Nilimwambia mimi nitajua. Lilikuwa jibu sahihi la kazi, na njia nzima mpaka Kakamega lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimeacha mstari mtupu tena, lakini mistari mitupu haimfai mtu aliyefikisha miaka sitini na mitano.

Sasa tufike kwenye ile ya mwisho, ya vishikwambi. Nyinyi mnavipenda. Mimi penseli yangu haikuwahi kuisha moto wala kuniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa mkubwa wa shughuli katika kaunti, nimekaa ofisini na simu tatu, wakati karani wa Musanda aliponipigia. Alikuwa Mwalimu Ayub, mwalimu wa hesabu wa miaka hamsini, mtu mnyoofu kama rula. Aliniambia kuna kukhu mmoja amekataa kumalizwa. Anadai kuna mtu wa nyumba yake ambaye hajaandikwa, na mtu mwenyewe, kwa heshima zote, madam, ni marehemu.

Sikumuuliza jina. Nilichukua funguo.

Makokha alikuwa amefariki miezi minne nyuma, mbele ya taarifa ya habari. Na kwetu, hata mume awe amelala wapi miaka yote, akifa anarudishwa nyumba ya mke wa kwanza. Hakuna mjadala. Kochi halizikiwi mtu. Walimtoa kwa Auma, wakamlaza sebuleni kwa Nabwire, wakamzika mbele ya mlango wake, hatua nane kutoka jikoni. Kaburi lilikuwa bado udongo mwekundu, na Nabwire alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda, akimenya njugu. Alikuwa amezeeka, lakini mgongo ulikuwa ule ule.

Mwalimu Ayub alisimama, kishikwambi mkononi, jasho linamtoka. Nikakaa chini. Nikauliza kama nilivyofunzwa, jina kwa jina, nani alikuwa hapa usiku wa sensa.

"Mimi," alisema Nabwire. "Faith, amefunga chuo. Na Makokha."

"Makokha alikuwa wapi, mama?"

Akamwonyesha kwa mdomo.

"Pale. Usiku kucha. Hata kwenda choo hakutoka."

Mwalimu Ayub alikohoa. Nabwire hakumtazama. Alinitazama mimi, na mikono yake iliacha njugu.

"Miaka thelathini unakuja hapa kuniuliza kama yuko, na mimi nasema hayuko. Leo yuko, Rispa. Ukimwacha tena, mimi sensa ile nyingine sitaifikia."

Nataka mnielewe vizuri. Wafu hawahesabiwi. Ningemwandika miongoni mwa waliolala pale ningekuwa nimeharibu kazi ya maisha yangu kwa mtu mmoja aliyependa televisheni. Lakini dodoso letu, mnalijua, mbele kabisa lina swali ambalo makarani hulipita haraka kwa sababu ya aibu: je, kuna mtu wa nyumba hii aliyefariki katika miezi kumi na miwili iliyopita? Nikamwambia Mwalimu Ayub alifungue. Akanivuta kando. Akaninong'oneza kwamba swali hilo ameshalijaza, kwa Auma, alikopita asubuhi, kwa sababu marehemu aliishi na kufia kule. Na mtu hufa mara moja, madam, kama anavyohesabiwa mara moja.

Alikuwa sahihi kabisa. Nilimchukia kwa dakika nzima.

Nikavuka ua. Sijui kama mnajua urefu wa ua kama ule. Auma alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba, televisheni imezimwa. Nilimweleza yote bila kupamba: kwamba Makokha ameandikwa kwake, na kwa haki, na kwamba sina ruhusa ya kumwondoa isipokuwa yeye mwenyewe aseme hakuwa mtu wa nyumba yake. Nilijua ninachomwomba. Alikuwa amempikia miaka kumi, amemkanda magoti, amempoteza pale pale nilipokuwa nimekaa.

Auma alitazama nje mlangoni, kwa mwenzake kule kando ya kaburi. Alikaa hivyo mpaka nikaona aibu. Halafu lile jicho lake la kucheka likarudi.

"Mpeni mkubwa," alisema. "Hapa alikuwa mgeni wa televisheni. Mwandike kwa mkubwa, na umwambie lile blanketi lake analodai lilizikwa pamoja na Makokha, liko kwangu, aje achukue."

Basi nilimwambia Mwalimu Ayub afute kwa Auma na aandike kwa Nabwire. Aliuliza kama hilo ni agizo. Nikasema ni agizo. Akauliza kama ataliweka kwenye taarifa yake. Nikamwambia kwamba mtoto wa miaka ishirini na mitatu alishawahi kuacha mstari mtupu na mkubwa wake akageuza ukurasa. Hakuelewa, lakini aligusa kioo. Jumla ya waliofariki kaunti nzima haikuongezeka wala haikupungua. Makokha alivuka ua, basi, kama alivyokuwa akivuka maisha yake yote, ila safari hii nilimvusha mimi.

Nabwire alitaka kuona. Tukamshikia kishikwambi, Faith akamsomea. Jina la mkuu wa nyumba: Nabwire. Aliyefariki katika nyumba hii: Makokha, mume wake. Akauliza kama maneno hayo yanakwenda Nairobi. Nikasema yanakwenda. Akauliza kama kuna mtu huko mwenye kifutio. Nikasema kifutio kiliachwa zamani. Hapo ndipo alipolia, mara moja tu, kwa sauti, kama mtu aliyekanyaga moto, kisha akajipangusa kwa leso na kutuambia hatuondoki bila kula.

Alichinja jogoo. Kuku alipikwa na sisi tukisubiri, Mwalimu Ayub akitazama saa, Auma akaletwa na mjukuu akiwa amelibeba lile blanketi. Wale wake wawili wakakaa mkeka mmoja sebuleni na hawakusemezana, lakini walipitishiana chumvi. Obusuma ulipowekwa mezani, Nabwire alichukua imondo kwenye kijiko. Nilijua itakwenda kwa Mwalimu Ayub, ndiye mwanamume pekee pale, na mwenyewe alishaanza kusogeza sahani. Kijiko kilimpita. Kiliweka imondo kwenye sahani yangu.

"Kula," alisema Nabwire. "Wewe ndiye umemrudisha nyumbani."

Auma alikohoa. Mwalimu Ayub alitazama dari. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuila, mama yangu angenichapa. Nikaila yote, mbele yao, polepole. Ilikuwa ngumu kidogo, maana jogoo mwenyewe alikuwa mzee.